Kwenda kuona theluji Colorado na watoto: siku kwanza, gari baadaye

Swali: "Shikamoo Ami. Mimi ni wa Kisauni. Disemba hii, inshallah, tunakwenda kumtembelea kaka yangu anayeishi Aurora, kando ya Denver, Marekani. Tutakuwa mimi, mume wangu, mama yangu ambaye ana presha, na watoto wawili, wa miaka sita na wa miaka tisa. Watoto hawalali kwa hamu ya theluji. Kaka amepanga Jumamosi ya baada ya Krismasi tuondoke saa moja asubuhi, twende Breckenridge, tushinde huko na kurudi usiku. Mume wangu huu ni mwaka wa kumi anaendesha lori Mombasa hadi Malaba, na anasema barabara haimshindi. Tukodi gari gani, tuondoke saa ngapi, na kuna lipi la kuogopa?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza gari, ukauliza saa, lakini siku hukuiuliza kwa sababu kaka yako ameshaichagua. Mimi hapo ndipo nitakapoanzia. Kabla ya kurudi nyumbani na kushika hii kazi ya kupangia watu safari, niliendesha basi dogo la wageni kati ya Denver na milima ile kwa misimu kadhaa ya baridi. Wageni wengi niliowaona safari imewaharibikia walikuwa ndani ya magari mazuri sana. Walichokosea ni siku.

Jumamosi ya baada ya Krismasi, kuondoka saa moja asubuhi! Ungeniambia nikutafutie wakati mbaya wa kupanda milima ile, nisingehangaika sana. Ningekupa huo huo.

Nikueleze barabara yenyewe. Denver iko kwenye tambarare, mita kama 1,600 juu ya bahari, chini kidogo kuliko Nairobi. Kuelekea magharibi kuna barabara kuu moja, I-70, inayopanda milima ya Rocky. Viwanja karibu vyote vikubwa vya kuteleza kwenye theluji ambavyo mtu wa Denver anaweza kwenda na kurudi siku moja vinafikiwa kwa barabara hiyo: Loveland, Arapahoe Basin, Keystone, Breckenridge, Copper Mountain, Vail. Hata wanaokwenda Winter Park hupita humo kwanza, kisha wakachepuka pale Empire. Barabara hutoka mjini ina njia tatu za kwenda. Ikifika juu ya kilima cha Floyd Hill zinabaki mbili, na mahali hapo tangu 2023 kuna ujenzi mkubwa wa kupanua. Ukishuka kilima unaingia bonde jembamba la Clear Creek, mto upande huu, mwamba upande ule, hakuna pa kupenyea. Mbele zaidi, karibu kilomita 100 kutoka Denver, kuna handaki la Eisenhower lililopita chini ya mlima, urefu wake kilomita 2.7, kwenye kimo cha mita 3,400 hivi. Shimo la kwenda magharibi lilifunguliwa 1973, la kurudi mashariki 1979. Foleni ikiwa ndefu upande wa kutokea, wasimamizi husimamisha magari nje ya mdomo wa handaki ili watu wasije wakakwama ndani. Kwa hiyo unaweza kusimama katikati ya mlima na hujaona ajali wala gari bovu.

Wewe ni mtu wa Mombasa, Likoni unaijua. Ukifika kivukoni saa kumi na mbili jioni, dereva wako awe hodari namna gani, feri ni zile zile na umati ni ule ule. I-70 haina tofauti. Siku ya Jumamosi magari ya kupanda hujazana kuanzia kama saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Siku ya Jumapili ndiyo balaa la kurudi, kuanzia saa saba mchana hadi usiku. Na ile wiki ya kati ya Krismasi na mwaka mpya, shule zao zimefungwa, wageni wa majimbo mengine wamejaa, basi karibu kila siku hugeuka wikendi. Kutoka Aurora hadi Breckenridge si mbali, kilomita 150 hivi. Barabara ikiwa tupu na kavu ni saa mbili. Siku mbaya, hizo saa mbili unazipata kwa kupanda hadi handakini tu, na ikiangukia theluji nzito au lori likalala njiani, hesabu imekufa.

Sasa, siku gani? Kwa familia yako ningetazama kwanza siku yenyewe ya Krismasi. Nyinyi hamna shughuli nayo, kaka yako bila shaka yuko likizo, na viwanja vingi vya theluji huwa wazi siku hiyo kama siku nyingine. Asubuhi ya Krismasi watu wengi wako nyumbani wanafungua zawadi, na barabara huwa nafuu kuliko siku zinazofuata. Maduka na mikahawa mingi itafungwa, kwa hiyo mtajaza mafuta jana yake na kubeba chakula chenu. Kama kaka hapatikani siku hiyo, aombe ruhusa Jumanne au Jumatano moja. Na kama tiketi za ndege bado hamjakata, fikeni mapema Disemba, wiki mbili za mwanzo. Watoto wetu wakati huo wameshafunga shule, wao bado, na katikati ya wiki barabara ile ni ya kupumua. Ila mapema hivyo theluji ya juu inaweza kuwa haijashiba. Kwa watoto wanaotaka kuishika na kurushiana inatosha kabisa.

Siku ikishapatikana, panga safari kuanzia kurudi. Watu hupanga kuondoka wakasahau kwamba balaa liko jioni. Vigari vya kupandisha watu mlimani hufungwa kama saa kumi alasiri, na kila mtu hutoka wakati mmoja, amechoka, viatu vimelowa. Mwishoni mwa Disemba jua la Denver huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na huko mabondeni mlima hulificha mapema zaidi. Likishapotea, maji yaliyoyeyuka mchana barabarani hurudi kuwa barafu. Yaani foleni, giza na barafu vinakuja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nyinyi kuna mambo mawili tu: ama mtoke mlimani saa nane mchana bila kusikiliza kilio cha mtoto yeyote, ama mkae, mle, mpumzike, mteremke saa mbili usiku umati ukishapita. Katikati ya hizo msiguse. Mkiwa na mama na watoto, nachagua saa nane mchana bila kufikiri.

Ukishaweka hiyo saa nane, kuondoka kunajipanga kwenyewe. Ili mpate siku ya maana lazima mtoke Aurora saa kumi na moja alfajiri. Watoto mnawabeba na nguo zao za kulalia, wataamkia huko. Sala ya alfajiri itawakuta njiani. Jua huchomoza kama saa moja na robo, mna nafasi ya kusimama Idaho Springs mkaswali na kwenda chooni. Msidharau hilo la choo. Kutoka hapo kupanda, foleni ikikukamata na mtoto wa miaka sita, utanikumbuka. Adhuhuri na alasiri mtazipanga wenyewe kwa rukhsa ya msafiri.

Lakini nikuulize: lazima Breckenridge? Watoto wako hawajui kuteleza kwa mbao, na kujifunza kwa siku moja ni pesa nyingi na machozi. Wanachotaka ni kuona nyeupe na kuteremka kilimani wamekalia boya la mpira. Hayo yanapatikana hapa kwenye upande wa Denver, kabla ya handaki. Kuna Echo Mountain juu ya Idaho Springs, kiwanja kidogo chenye mteremko wa maboya. Kuna Loveland, karibu kabisa na mdomo wa handaki, kuegesha gari bure, na sehemu ya wanaoanza imetengwa peke yake. Mtu wa Colorado atakucheka ukimwambia umetoka Afrika hadi Echo Mountain. Mwache acheke. Mtoto wako hatojua kwamba theluji ile ni ya daraja la pili.

Kaka yako akishikilia Breckenridge, nako kuna raha yake: ni mji wa zamani wa wachimba dhahabu, una barabara ya kutembea, na kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma vinavyopanda kutoka mjini hadi mlimani bila malipo. Watoto wakipandishwa hivyo tu wameridhika. Kuegesha gari mjini hulipiwa, na baadhi ya viwanja vingine siku za msongamano hutaka uweke nafasi ya gari mtandaoni kabla ya kufika. Kaka aangalie tovuti ya kiwanja chenyewe usiku wa kuamkia safari, si asubuhi mkiwa getini.

Na kuna njia ya tatu ambayo madereva hatupendi kuisema: treni. Kampuni ya Amtrak huendesha treni ya msimu wa baridi kutoka stesheni ya Union katikati ya Denver hadi Winter Park. Huondoka asubuhi, hurudi jioni, na inawashusha chini ya mlima wenyewe, hatua chache kutoka kwenye theluji. Inapita handaki la Moffat la mwaka 1928, refu kiasi cha kilomita 10, na mandhari ya njia hiyo ni mazuri kuliko ya barabarani. Haitembei kila siku, hivyo ratiba na nafasi ziangaliwe mapema. Vilevile idara ya barabara ya jimbo ina mabasi yanayoitwa Snowstang yanayopeleka watu viwanjani wikendi. Basi hukaa foleni kama gari lenu, lakini mnalala na anayehangaika ni dereva. Mimi niliyekula mshahara wa usukani nakwambia: kama siku ni lazima iwe Jumamosi, kateni treni.

Tuje kwa mume wako. Mtu anayeshusha kontena pale Mazeras na kupita Salgaa usiku hawezi kufundishwa mteremko na mimi. Anajua kutia gia ndogo kabla ya kilima, anajua breki zikipata moto zinakufa. Hayo yote yatamfaa: ukitoka handakini kuelekea Silverthorne mteremko ni mkali na mrefu, na ukirudi kuna wa Georgetown na ule wa mwisho wa kuteremkia Denver. Ataona kando ya barabara njia za changarawe zilizopanda, zimewekwa kwa malori yaliyopoteza breki. Ataona pia madereva wenzake wamepiga magoti kwenye theluji wakifunga cheni kwenye matairi ya lori, maana kule sheria huwalazimisha.

Asichokijua ni barafu, na barafu haina heshima kwa uzoefu. Kwenye lami yetu ukikanyaga breki, gari linakusikiliza. Kwenye barafu magurudumu yanasimama na gari linaendelea na safari yake. Kuna aina moja ni nyembamba kama kioo, lami inaonekana imelowa tu, huioni mpaka uwe juu yake. Madaraja huganda kwanza kwa sababu baridi inayapiga juu na chini. Na juu ya hayo atakuwa anaendesha kulia. Barabara kuu haitamsumbua, atafuata wenzake. Atakosea akitoka kwenye maegesho au kituo cha mafuta, hakuna gari la kufuata, akakata kona akajikuta upande wa nyumbani. Ushauri wangu: mwambie kwa adabu kwamba milimani aendeshe kaka mwenye nyumba, yeye akae mbele awe jicho la pili. Aendeshe Aurora siku mbili tatu barabara zikiwa kavu, azoee. Akitaka leseni ya kimataifa ya kushikilia pamoja na ya Kenya, AA ya hapa hutoa. Kampuni nyingi za kukodisha hukubali ya Kenya kwa kuwa imeandikwa Kiingereza, lakini kuwa nazo mbili hakumkeri askari yeyote.

Sasa gari, uliloliuliza kwanza. Najua Mombasa mtu akisikia milima anasikia Prado. Magurudumu manne yakivuta yanasaidia kuondoka na kupanda. Kusimama hayasaidii hata kidogo, na wengi niliowaona wamelala mtaroni walikuwa na magari ya namna hiyo. Walidhani yamewapa ruhusa ya kukimbia. Kinachokushika barabarani ni tairi. Gari dogo lenye tairi za baridi litasimama pale ambapo Prado lenye tairi kipara linapita na kuaga.

Jambo hili limeingia kwenye sheria. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, kipande cha I-70 kati ya Morrison, kando ya Denver, na Dotsero, mbele ya Vail, kila gari lazima liwe limejiandaa kwa theluji. Gari linalovutwa na magurudumu mawili tu liwe na tairi za baridi au zile zenye alama ya M+S (tope na theluji) ubavuni, la sivyo libebe cheni. Meno ya tairi yawe na kina cha karibu milimita 5 angalau, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu yote manne. Kuipima ni rahisi. Chukua sarafu ya robo dola, igeuze George Washington awe kichwa chini, itie kwenye mfereji wa tairi. Ukiona utosi wake wote uko nje, tairi hilo halifai barabara ile. Faini ya kutotimiza ni zaidi ya dola 100, na ukiziba njia kwa sababu hiyo inapita dola 600.

Kwa hiyo kabla hamjafikiria kukodi, kaka akupigie picha za tairi za gari lake, na zile alama za ubavuni zionekane. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake ni ya tairi la baridi la kweli. Mpo watu sita, labda gari lake halitoshi, basi mkodi la viti vya safu tatu. Kampuni za kukodisha zitakupa gari la kuvuta magurudumu yote manne kwa furaha, lakini tairi ni bahati yako, na mikataba mingi hukataza kufunga cheni. Waulizeni kwa maandishi mapema, na siku ya kulichukua pitieni tairi zote nne na ile robo dola mkiwa bado kwenye maegesho yao. Mtoto wa miaka sita lazima awe na kiti chake cha gari. Kumpakata kama kwenye matatu ya Bamburi ni kosa. Tena kuna njia ya kulipia, iliyo pembeni mwa barabara kati ya Empire na Idaho Springs, hufunguliwa siku za msongamano. Inapunguza dakika za kutosha jioni, lakini kwa gari la kukodi kampuni huongeza ada yake juu ya ile ya barabara. Jueni kabla ya kuingia.

Kuna kitu kidogo ambacho hakuna anayekuonya. Barabara ile hunyunyiziwa dawa ya chumvi kuyeyusha barafu. Gari la mbele likikurushia yale maji machafu kwenye kioo, waipa zikapita mara mbili, yanakauka na kuwa utando mweupe, na jua la asubuhi likiupiga huoni hata boneti lako. Hapo unahitaji maji ya kuoshea kioo, na ndipo wageni wanagundua yameganda. Sisi huku tunajaza ya bomba. Kule mnunue yale ya rangi yasiyoganda, na galoni ya pili ikae kwenye buti. Mkiegesha mlimani, inueni waipa zisigande na kioo. Msiache theluji juu ya paa la gari. Mkifunga breki inaporomoka mbele ya macho ya dereva. Taa ya upepo wa tairi ikiwaka asubuhi msishtuke sana, baridi hupunguza upepo ndani ya tairi, ongezeni tu.

Kwenye buti pia: blanketi, koleo dogo, tochi, maji, waya wa simu, dawa za mama. Mkikwama muda mrefu kwenye theluji msitoke kutembea. Kaeni ndani, na kila mara kabla ya kuwasha injini mmoja atoke aangalie bomba la moshi kama halijazibwa, maana moshi ukirudi ndani huua watu wakiwa usingizini.

Mama. Hili ndilo la kulitazama kuliko tairi. Amezaliwa ufukweni, na siku moja unampandisha hadi mita 3,400. Mji wa Breckenridge wenyewe uko mita 2,900 hivi. Loveland na Echo Mountain, nilizozisifu hapo juu kwa ukaribu wake, ziko juu zaidi ya hapo. Winter Park, treni inakoishia, ni kama mita 2,700, na kwa ajili ya mama hiyo ni hoja nyingine ya treni. Aonwe na daktari wake hapa Mombasa kabla ya kusafiri, amwambie wazi atakwenda kimo gani. Dawa asizipunguze wala kuziacha, na zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mlimani msimpeleke siku mbili za mwanzo. Akae Aurora kwanza mwili uzoee, anywe maji hata kama hana kiu, maana hewa ni kavu mno. Akisema kichwa kinamuuma sana, anatapika, au anahema akiwa amekaa, msingoje saa nane. Mteremsheni. Kurudi chini ndiyo dawa ya kwanza, na akizidiwa mpelekeni hospitali. Anaweza pia kubaki Idaho Springs au Georgetown na mmoja wenu, kuna miji ya kupendeza ya kutembea, na watoto wakaenda juu na mjomba wao. Asione aibu.

Nguo msinunue Denver. Nendeni Kongowea kwenye mitumba. Makoti mazito ya baridi yapo, Mombasa hayana mvaaji, na muuzaji atafurahi kuyaona yakiondoka. Tafuteni yanayokataa maji, suruali za namna hiyo hiyo, na fulana za sufu au nailoni za ndani. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikilowa hazikauki, na mtoto aliyelowa atakumalizia safari saa nne asubuhi. Glavu chukueni jozi mbili kwa kila mtoto, moja itapotea. Miwani ya jua kwa wote, hata mama. Theluji hurudisha mwanga machoni.

Chakula mpikie kwa kaka. Mahamri na chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto vitawafaa kuliko chochote kinachouzwa mlimani, kwa bei zile. Sambusa za nyama usizibebe kutoka huku, forodha yao ya nyama ni kali. Nyama mtainunua huko huko.

Usiku wa kuamkia safari, kaka afungue COtrip, ile programu ya idara ya barabara. Ina kamera za barabara nzima. Mtaiona Floyd Hill na handaki kwa macho yenu mkiwa sebuleni. Aitazame tena saa kumi alfajiri kabla hamjawaamsha watoto. Ikionyesha theluji nyepesi na barabara iko wazi, nendeni pole pole. Ikiwa imetangazwa amri ya cheni kwa magari madogo, au njia imefungwa kwa sababu ya maporomoko ya theluji, rudini kulala. Ndiyo maana nakuomba mpange siku mbili, moja ya safari na moja ya akiba, na kila mnachokilipia, kiti cha treni, nafasi ya gari, boya la watoto, muulize kabla ya kutoa pesa kama tarehe inabadilishwa.